Jina la Mwanangu: Nilivyoutafuta Ukoo wa Hämäläinen

Mwanangu alipotimiza siku arobaini, baba yangu alipiga simu kutoka Tanga kuuliza jina la mjukuu. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mzee yeyote wa kwetu angeuliza: "Hilo la mwisho, ni ukoo gani? Wametoka wapi?" Nikamgeukia mume wangu. Yeye alimjua babu yake, akajua na jina la baba wa babu, basi. Kuhusu ukoo, alichoweza kusema ni kwamba Hämäläinen ni jina la kawaida, liko kila mahali. Na ni kweli, ni miongoni mwa majina kumi yenye watu wengi zaidi Ufini.

Baba hakuridhika, na mimi sikuridhika. Mtoto amebebeshwa jina ambalo mama yake hawezi kulieleza kwa babu yake! Usiku ule nikaanza kazi iliyonichukua majira matatu ya baridi. Ninawaandikia hasa kina mama wenzangu walioolewa huku kaskazini, ambao watoto wao wana majina ya kumaliziwa na -nen na hawajui waanzie wapi.

Nilianza na maana. Häme ni eneo la kusini ya kati ya Ufini, nchi ya maziwa na mashamba ya zamani, na mji wake ni Hämeenlinna penye ngome. Ile -läinen ya mwishoni inafanya kazi inayofanywa na m- yetu ya mwanzoni. Pemba, Mpemba, Häme, Hämäläinen. Mwanangu basi ni Mhäme. Lakini watu wa mume wangu si wa Häme hata kidogo. Ni Wasavo, wa upande wa Mikkeli, mashariki, na mama mkwe wangu alinihakikishia kuwa katika nyumba ile hajawahi kusikia mtu akiitaja Häme kama kwao.

Hapo Kiswahili kilinifaa kuliko kitabu. Huko Ngazija hakuna anayeitwa Mngazija. Mtu huitwa hivyo akishafika Unguja au Mombasa, na wanaomwita ni majirani, si yeye. Kwa hiyo Hämäläinen wa kwanza hakupewa jina hilo Häme. Alipewa mahali ambapo Wahäme walikuwa wageni. Na Savo ilikuwa mahali hasa pa namna hiyo: katika zama za kati Wakarelia waliingia kutoka mashariki, Wahäme kutoka magharibi, wakakutana kwenye yale maziwa yake yasiyohesabika, na Wasavo wa leo ni uzao wa makutano hayo. Mwaka 1323, Uswidi na Novgorod, dola ya Kirusi ya wakati huo, zilipowekeana mpaka kwa mkataba wa Pähkinäsaari, Savo ikawa upande wa Uswidi. Ndiyo sababu kumbukumbu zote nilizozisoma baadaye zimeandikwa Kiswidi.

Jambo moja lilinitia wasiwasi. Majina mengi ya ukoo Ufini si ya zamani. Magharibi ya nchi watu walilima shamba lile lile kizazi hadi kizazi, na jina lilikuwa la nyumba. Mtu akihamia shamba jingine alichukua jina la huko. Hata mwanamume aliyekwenda kuishi ukweni aliitwa kwa jina la nyumba ya wakwe. Wengi wa magharibi walijipatia majina ya kudumu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Tarehe 12 Mei 1906, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa J. V. Snellman, mtetezi mkubwa wa lugha ya Kifini, lilianza wimbi ambalo makumi ya maelfu waliacha majina ya kigeni wakachukua ya Kifini. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo ilianza kutumika 1921. Je, kama Hämäläinen yetu ilichaguliwa tu mwaka 1906 kwa kuwa ilisikika vizuri?

Mashariki mambo yalikuwa tofauti, na sababu yake ni kilimo. Wasavo walifyeka msitu, wakauchoma, wakapanda rai, ile nafaka ya mkate mweusi, kwenye majivu. Ardhi ilichoka baada ya mavuno machache, wakasonga mbele. Watu wa kuhamahama namna hii hawawezi kuitwa kwa jina la shamba, maana shamba la leo si la kesho. Jina likashikamana na damu. Wasavo walifika nalo Kainuu, kaskazini zaidi, wakavuka hadi misitu ya Värmland kule Uswidi, na baadhi ya wazao wao wakafika Delaware, Marekani, katika koloni iliyoanzishwa na Uswidi mwaka 1638.

Kujua kama sisi ni wa hao kulihitaji vitabu vya kanisa. Shirika la wanasaba wa Ufini, Suomen Sukututkimusseura, lililoanzishwa 1917, limeweka kwenye intaneti faharasa iitwayo HisKi, yenye ubatizo, ndoa, mazishi na kuhama kwa watu wa parokia nyingi. Ni bure. Nilikuwa naifungua mtoto akilala. Majina yamewekwa Kiswidi: Juho ni Johan, Matti ni Matts, Antti ni Anders, Heikki ni Henrik. Ukimtafuta Juho kwenye vitabu vyenyewe kwa jina la Juho, unaweza kusema hakuwahi kuzaliwa.

Nilikosea mapema, na kosa langu lilikuwa la haraka. Nilimpata Johan Hämäläinen, mwana wa Matts, kijiji chenyewe, mwaka wenyewe. Nikafurahi, nikapanda naye juu kwa baba, kwa babu, kwa baba wa babu, miezi mitatu. Kisha jirani yangu, mama mmoja mstaafu aliyekuwa akifanya utafiti kama huu, akaniuliza kama nimekifungua rippikirja. Sikuwa nimekifungua. Hicho ndicho kitabu cha kushika: mchungaji aliandika nyumba kwa nyumba, kila mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, lini alishiriki meza ya Bwana, alihamia wapi, na alama za kuonyesha anajua kusoma kiasi gani na amehifadhi katekisimu kiasi gani. Sheria ya Kanisa ya 1686 ndiyo iliyowataka wachungaji watunze kumbukumbu hizi. Nilipoziona zile alama nikamkumbuka maalimu wangu wa chuo, aliyekuwa akijua kila mtoto amefika juzuu gani.

Nikamtafuta Johan wangu. Jina lilikuwa limekatwa kwa mstari, na pembeni neno moja: koppor. Ndui. Alikufa akiwa na miaka minne. Kijiji kile kilikuwa na nyumba mbili za Hämäläinen, na kila nyumba ilikuwa na Matts aliyemwita mwanawe Johan. Nilikuwa nimejenga ukoo mzima juu ya mtoto aliyezikwa kabla hajaota meno ya pili. Nililia, nasema kweli, si kwa kazi iliyopotea. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimemzoea. Tangu siku hiyo sikumwandika mtu yeyote bila kumfuata katika rippikirja kutoka kuzaliwa hadi kufa.

Wanawake nao walinipa taabu tamu. Mtoto wa kike wa Hämäläinen mara nyingine ameandikwa Hämälätär, kwa kuwa zamani majina haya yalikuwa na umbo la kike la kumaliziwa na -tar au -tär. Na akiolewa alibaki nalo. Mke wa Savo wa karne ya 18 alikufa na jina la baba yake, kama kwetu pwani binti wa fulani anavyobaki binti wa fulani hata awe na wajukuu. Sheria ya kumlazimisha mke achukue jina la mume ilikuja 1930, ikadumu hadi 1986. Mama mkwe wangu, aliyeolewa chini ya sheria hiyo, aliniomba nimtafutie na jina la ukoo wake mwenyewe lilikotoka. Nimeshaanza.

Kuelekea miaka ya 1720 karatasi zilikauka. Kati ya 1713 na 1721 majeshi ya Urusi yaliikalia Ufini, kipindi ambacho Wafini wanakiita isoviha, chuki kuu. Na kabla ya hapo ilikuwa njaa ya 1695 hadi 1697, iliyoua takriban theluthi moja ya watu. Nyuma ya kipindi hicho nilitegemea orodha za kodi. Za kodi ya kichwa zinaanza 1634. Za kodi ya ardhi, tangu enzi ya mfalme Gustav Vasa wa Uswidi, zinaanzia karibu miaka ya 1540. Na humo, katika Savo ya karne ya 16, wakina Hämäläinen tayari wapo. Wasiwasi wangu wa 1906 ukaisha. Ila sikuweza kumuunganisha Matts wangu na yeyote kati yao kwa uhakika, na kuunganisha kwa kubahatisha nilikuwa nimeshaapa sitarudia.

Ndipo tukageukia vinasaba. Kromosomu Y, kifurushi cha vinasaba walicho nacho wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, njia ile ile linayopita jina la ukoo. Kwa hiyo jina na kromosomu hii vinaweza kulinganishwa. Takriban asilimia 60 ya wanaume wa Ufini wana Y ya kundi liitwalo N, na zaidi ya robo wana kundi la I1. N imejaa zaidi mashariki, I1 zaidi magharibi. Nilijua kabisa nataka nini: I1. Ingekuwa ushahidi mzuri wa mtu aliyetoka Häme.

Hatukumpima mume wangu peke yake. Hili nalisisitiza, kwa kuwa kipimo cha mtu mmoja hakithibitishi karatasi yoyote. Nilishuka kwa mwana mwingine wa Johan (yule wa kweli, wa nyumba ya pili) hadi kwa mzee mmoja aliye hai, mkulima mstaafu, ambaye mume wangu hakuwahi kumwona. Tukamwandikia barua, akatukaribisha. Alipaka pamba ndani ya shavu akiwa kimya, akatupa kahawa, na tulipokuwa tukiondoka akasema alidhani ukoo ulikuwa umebaki yeye tu.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Wote wawili N. Kati ya alama 37 za kromosomu hiyo zilizopimwa, 36 zinafanana.

Hiyo 36 ilinifurahisha mno. Inakubaliana na Johan wangu kuwa Johan wa kweli, na vitabu vya mchungaji kuwa havikudanganya. Lakini ile N ilinisumbua wiki nzima. Kama ni Wahäme, kwa nini wana damu ya mashariki? Nilipotulia nikaona swali lenyewe ndilo limekaa vibaya. N ina wingi mkubwa mashariki, lakini Häme nako imejaa tele, na haiko nchi nzima bila sababu: ni kundi lililotokea Asia, likapita Siberia, likaenea magharibi hadi Baltiki. Katika makaburi ya kisiwa cha Bolshoy Oleni, rasi ya Kola kule kaskazini-magharibi ya Urusi, mifupa ya miaka kama 3,500 iliyopita imekutwa na asili hiyo ya Siberia. Jina Hämäläinen lina umri wa miaka mia kadhaa. Ile Y ilikuwa imeshatembea maelfu ya miaka kabla Häme haijaitwa Häme. Kipimo hakikulikataa jina, wala hakikulithibitisha. Pia inawezekana mkwe aliingia katika nyumba ya kina Hämäläinen akabaki nalo, jambo ambalo hata mashariki lilitokea. Mimi naamini alikuwa Mhäme kweli, kwa sababu majirani ndio waliomwita hivyo, na majirani hujua mgeni wao ametoka wapi.

Ipo na ziada niliyoipenda. Wanaisimu wengi wanaona kwamba jina Häme na jina Sápmi, la nchi ya Wasaami kaskazini, yana mzizi mmoja, na wapo wanaoufuatilia hadi neno la Kibaltiki lenye maana ya ardhi.

Nilimpigia Baba siku ya Ijumaa, baada ya swala. Nilimsomea kutoka kwa mjukuu wake kwenda juu, baba kwa baba, hadi Matts. Akaandika katika daftari lake, kwa herufi za Kiarabu kama anavyoandika kila kitu. Alipomaliza akauliza: "Na upande wako je, umemwandika?" Nikamweleza kwamba kuna kinasaba kingine, cha mitokondria, ambacho hutoka kwa mama peke yake, na kwa mwanangu kimetoka kwangu, kwa mama yangu, kwa bibi yangu mzaa mama wa Pangani. Akasema hao anawajua, ataniandikia yeye, saba kwenda juu.

Kisha akataka kulitamka vizuri lile jina. Nilihangaika kumweleza ile ä, kwamba si a wala si e. "Ah," akasema, "fataha nyepesi." Akalisoma: Hämäläinen. Mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu yangu akisikiliza, aliinua kichwa. Baba alikuwa amelipatia.