Siku moja na tangi la maziwa huku Lewis County, New York

Nyumbani wakisikia nipo New York wanajua nipo kwenye maghorofa. Hamna bana. Mimi nipo juu kaskazini huko, Lewis County, ng'ombe wengi kuliko watu, kazi yangu kuzunguka mashambani na tangi kukusanya maziwa. Hii ni siku ya juzi, Januari hii hii.

Saa tisa usiku naamka, kabla hata ya chai nachungulia kwenye simu upepo unatokea wapi. Baridi ilikuwa hasi 26 ila hiyo haikunipa presha, baridi unaivaa, suruali mbili soksi mbili glavu mbili maisha yanaenda. Mwenye matatizo ni Ziwa Ontario. Lina kina cha mpaka mita 244 kwa hiyo haligandi lote kirahisi kama mwenzake Erie, sasa ile hewa kali ya Kanada ikipita juu ya maji inabeba unyevu, ikifika huku inakutana na mwinuko wa Tug Hill, inalazimika kupanda, basi mzigo wote inautua hapo hapo. Kule juu kwa msimu mmoja theluji inashuka zaidi ya mita 5. Na upepo ukiwa wa magharibi ndo balaa maana umelipitia ziwa kwa urefu wake wote.

Saa tisa na nusu nipo yadi. Gari limelala limechomekwa kwenye umeme injini isipoe kabisa, na dizeli inatiwa dawa, bila hivyo inakuwa nzito kama uji filta inaziba. Nagonga barafu kwenye taa, nakagua breki, naondoka.

Shamba la kwanza saa kumi na robo. Chumba cha maziwa kinanichekeshaga kila siku, ukutani kuna hita ili mabomba yasigande, halafu tangi lenyewe lina mashine ya kupoza ili maziwa yasiharibike, vyote vinanguruma kwa pamoja. Nanawa, nanusa maziwa, nacheki joto (nyuzi 3, safi), nazamisha kijiti nasoma kipimo, nawasha kikorogeo nasubiri dakika kadhaa ndo nachukua sampuli. Hiyo sampuli usiichukulie poa, kiwandani ikikutwa na antibayotiki mzigo mzima unakataliwa, maziwa ya mashamba yote uliyopita. Kisha naunga mpira, na kwenye baridi ile mpira unakakamaa, unagoma kukunjika, inabidi kuusukuma kwa goti, na ole wako glavu iwe imelowa halafu ushike chuma.

Mzee mwenye shamba akaniambia leo siku nzuri. Na kiukweli ni nzuri! Kwenye hasi 26 theluji ni kavu, inalia chini ya buti, tairi linashika vizuri. Siku ninazoogopa ni zile za nyuzi sifuri, mvua inanyesha inagandia lami, unaona barabara nyeusi kumbe kioo kitupu.

Saa mbili asubuhi nikawa napandisha Tug Hill. Bondeni jua kali kabisa, mitambo ya upepo ya Maple Ridge naiona (ipo 195 ile), kona moja mbele nikaingia kwenye ukanda wa theluji, kila kitu kikafutika, boneti lenyewe silioni vizuri. Hapo ukisimama katikati wa nyuma anakuvaa, ukikimbia unamvaa wa mbele, na wa mbele anaweza kuwa Muamishi (wale Wakristo wa huku wasioendesha magari) na gari lake la farasi. Unawasha hazadi, unatambaa, unahesabu vijiti vya pembeni mwa barabara. Chumvi nayo kwenye baridi hii haiyeyushi kitu, wanamwaga mchanga. Ukanda wenyewe mwembamba, ukitoka tena jua, unaweza ukahisi umeota.

Januari 1997 kijiji cha Montague, hapa hapa kwetu, walipima theluji inchi 77 ndani ya masaa 24, karibu mita mbili, mtu mzima anafunikwa. Rekodi ikakataliwa, eti walipima mara sita wakati mwisho ni mara nne. Sa mi najiuliza, anayefukua mlango anajali mara ngapi?

Saa nne nimepaki napiga simu Njombe, kule jioni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekula? Akaanza kunisimulia baridi ya Kitulo, kule milimani kwetu. Nilinyamaza tu, huwezi kumbishia mama baridi.

Saa sita foleni ya kiwandani, kushusha, kuosha tangi, makaratasi. Saa tisa nipo home na chepe mkononi natafuta ngazi za mlango wangu. Dispacha, yule anayetupangia safari, kashatuma meseji, kesho upepo unageuka kuwa wa magharibi, barabara zikifungwa maziwa yatamwagwa maana ng'ombe hawasubiri, kwa hiyo tunaanza saa saba usiku.