Tulivyogawana kazi ya kumtunza mama

Mama alipopata kiharusi alikuwa na miaka 74, akiishi peke yake Muheza, kwenye nyumba waliyoijenga na marehemu baba kwa fedha za machungwa. Tuko watoto wanne. Kaka mkubwa yuko Mwanza, mimi niko Dar es Salaam, mdogo wangu wa kike yuko Muscat kwenye kazi za nyumbani, na kitinda mimba, wa kiume, ni mwalimu Tanga mjini. Mama alitoka hospitali ya Bombo upande wote wa kulia umelegea, maneno yanamtoka kwa taabu, na tukaambiwa atahitaji mtu wa kuwa naye usiku na mchana.

Kabla hatujakaa kikao, ukoo ulikuwa umeshaamua: niache kazi nirudi Muheza, maana mtoto wa kike aliye karibu ni mimi. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Tunasema mzee anategemea watoto wake, lakini ukichunguza utakuta anategemea mtoto mmoja, mara nyingi binti au mke wa mtoto wa kiume, na waliobaki wanatuma salamu na hela ya sukari. Siku huyo mmoja akiugua, mzee hana mtu. Nilikataa, na nilikataa mbele ya wote, kwa sababu nampenda mama na nilitaka atunzwe kwa miaka, si kwa miezi.

Kaka ndiye aliyetaja makazi ya wazee. Shangazi alimkemea mpaka akainamisha kichwa. Mimi sikuona dhambi katika swali lake, nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza. Afisa alinieleza kwa upole kwamba makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga Morogoro, ni kwa wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema hivyo hivyo: mtunzaji wa msingi ni familia, makazi ni hatua ya mwisho. Mama mwenye watoto wanne hakuwa na sifa. Nasema wazi kwamba simlaumu mtu ambaye mzazi wake yuko kule. Wapo wazee ambao makazi hayo ndiyo yamewapa sahani ya chakula na mtu wa kuwaamkia. Ila kwetu mlango huo haukuwepo.

Tukamuuliza mwenyewe. Tulimketisha kitandani, kaka akamweleza polepole: kwenda Dar kwangu, kwenda Tanga kwa mwalimu, au kubaki. Alikunja uso akitafuta neno. "Hapa hapa," akasema. Kisha akamnyooshea kidole kaka, akatikisa kichwa na kujigusa kifuani. Shangazi ndiye aliyemwelewa: hataki kuogeshwa na watoto wake wa kiume. Mambo hayo mawili yakawa msingi wa kila tulichopanga.

Tulimwajiri jirani, mjane ambaye mama alikuwa akilima naye. Hatukumwomba msaada wa ujirani; tulikubaliana mshahara, siku za mapumziko, na nani anamlipa. Wapo waliosema tumemkodishia mama mtu baki. Nawajibu kwamba mtu anayeamka saa nane usiku kumgeuza mgonjwa anafanya kazi, na kazi ina ujira. Mdogo wangu wa Muscat analipa mshahara huo, unaingia kwa simu kabla ya tarehe 5. Kaka analipa dawa za presha, pampasi za watu wazima na chakula. Mwalimu yuko karibu, kwa hiyo kliniki ni zake, na Jumamosi analala pale ili msaidizi aende kwake. Msaidizi humwogesha mama kabla ya kuondoka, na shangazi hupita usiku na asubuhi kumsafisha. Mimi naweka hesabu na kukaa na mama likizo zangu zote. Kila kitu kiliandikwa kwenye daftari kwa majina. Ukiandika "watoto watachangia" hakuna atakayechangia.

Bima ilituokoa. Mwalimu alikuwa ameshamwandikisha mama NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Mtumishi anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo. Kama wewe ni mtumishi na wazazi wako bado wana nguvu, waandikishe sasa. Mama ni mkulima, hana pensheni, na huku bara hatuna pensheni ya wazee wote. Dada yake aliyeolewa Wete anayo: Zanzibar walianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si nyingi, lakini mama mkubwa anaitumia bila kumwomba mtu, na natamani mama angekuwa na hata hiyo.

Kazi yenyewe tulifundishwa na muuguzi, na nataka kuieleza kwa sababu mapenzi peke yake hayamzuii mgonjwa kuchubuka. Mtu asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili. Kila asubuhi msaidizi anakagua visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio. Akiona wekundu usiopotea anapobonyeza kwa kidole, ananipigia siku hiyo hiyo. Shuka haliburutwi chini ya mgonjwa, mtu ananyanyuliwa. Maji matupu yalikuwa yakimpalia mama, kwa hiyo mtaalamu alishauri vinywaji viwe vizito kidogo, anywe ameketi wima na kidevu kimeinama, kijiko kimoja kimoja, na asilazwe mara tu baada ya kula. Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, ndoo inakaa chini yake. Kiti hicho kimempa mama heshima kuliko kitu chochote tulichonunua, kwa sababu siku hizi akishikwa mkono anakifikia na pampasi anavaa usiku tu.

Kuna ugomvi, sifichi. Kaka aliwahi kuchelewesha hela ya dawa akidai wa Muscat ana kipato zaidi. Tulifungua daftari, tukasoma jina lake, akalipa. Na kulikuwa na kipindi mama alikuwa analia kila jioni. Mwalimu akaomba ushauri kliniki, tukaelezwa kwamba sonona huwapata wengi baada ya kiharusi na ina tiba. Akapewa dawa. Wanawake wa kikundi chake cha kuweka na kukopa nao wakahamishia mkutano wao barazani kwake, na analipa hisa zake kama zamani, kwa mkono wa kushoto.

Sasa jambo lililo mbele yetu ni la msaidizi. Naye ana miaka hamsini na kitu, hana mtoto aliye karibu, na mgongo umeanza kumsumbua. Nimependekeza tumchangie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa utaratibu wa waliojiajiri, na tumtafutie mwenzake wa zamu za usiku. Wadogo zangu wamekubali. Kaka amesema anapiga hesabu kwanza, na nimempa mpaka mwisho wa mwezi.