Walisema nafasi imejaa, tangazo likabaki palepale

Tarehe 14 Machi 2022 nililetewa barua pepe: nafasi ya msimamizi wa ghala, hapa Leicester, Uingereza, imeshapata mtu. Siku nne kabla, kwenye usaili, meneja aliniuliza mara mbili lafudhi yangu ni ya wapi, kisha akasema wateja wao wanapenda mtu wanayemwelewa. Miaka 6 nimeongoza zamu za usiku kwa Kiingereza hichohicho! Wiki mbili baadaye tangazo bado lilikuwa mtandaoni. Nikalipiga picha, tarehe ikionekana.

Shemeji akaniambia niachane nao, hii nchi ya watu. Nusura nimsikilize.

Mama mmoja mshauri wa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, hakuniuliza nimeumia kiasi gani. Aliuliza tarehe. Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda hata anayeomba kazi tu, lakini muda wangu wa kudai ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja, yaani mwisho 13 Juni. Tena huendi mahakama ya kazi moja kwa moja. Kwanza unawaarifu Acas, wasuluhishi, na ukishawaarifu siku zinasimama kuhesabiwa. Niliwaarifu 30 Mei, jasho likinitoka.

Kabla ya hapo alinielekeza niiandikie kampuni kudai kila walichoandika kunihusu. Ni haki ya mtu yeyote, haina ada, nao wana mwezi mmoja kujibu. Zikaja karatasi za usaili. Kando ya jina langu: uzoefu mzuri, lafudhi nzito. Sheria haitaji lafudhi. Inataja rangi, uraia, asili ya kabila au taifa. Sasa lafudhi yangu nimezaliwa nayo Tanga, sikuinunua dukani. Ukishaonyesha mambo ya kutia shaka namna hiyo, mwajiri ndiye anayebaki na mzigo wa kujieleza.

Mahakama isingewalazimisha waniajiri, na hilo liliniuma. Ingeweza kuamuru fidia ya mshahara niliokosa na ya kuumizwa moyo, isiyo na kikomo kisheria. Kufungua kesi ni bure tangu 2017. Wakili wa kulipwa ukishinda angeweza kuchukua hadi asilimia 35 ya fidia, basi fomu nikaijaza mwenyewe, usiku tatu, chai baada ya chai.

Kesi haijapangiwa hata siku, msuluhishi akapiga simu: wanataka kumaliza. Kiasi nimetia saini nisikitaje. Nilidai na barua ya kuomba radhi. Ikaja, mistari minne, jina langu wamelikosea.