Alama Nyekundu za Mwalimu

Hapa Kondele, Kisumu, stima ikianza kucheza, kila kompyuta isiyo na betri huandikiwa kesi. Ikiwaka tena, Windows huingiza tukio nambari 41 kwenye daftari lake na kulipatia daraja la juu kabisa, kupita hata la kosa. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Labda iliganda, labda umeme ulikatika. Windows haijui, basi inapaka nyekundu.

Leo nimeletewa laptopu ya mwalimu mstaafu. Fundi fulani alikuwa amemfungulia daftari hilo, Event Viewer, akamshushia orodha polepole, kisha akamwambia bodi, ule ubao mkuu wa mashine, imeoza. Ujanja huo si mgeni. Matapeli wa simu wanaojifanya watu wa Microsoft wameutumia miaka mingi huko Marekani na Uingereza: wanakuelekeza ufungue orodha, kisha wanaiachia ikutishe.

"Kijana wangu, hizi nyekundu zote ni ugonjwa?"

"Hapana, Mwalimu. Nyingi ni kelele tu."

Nikavuta kiti tukazipitia pamoja. Zile 41 zilikuwa za stima. Betri yake ilikufa zamani, umeme ukienda mashine inakata papo hapo. Nambari 10016 nazo zilijaa tele. Hizo hutokea sehemu moja ya Windows inapogonga mlango isioruhusiwa, ikinyimwa inajaribu kwa njia nyingine, na kazi inaendelea. Microsoft wenyewe wameandika kwamba zimekusudiwa ziwe hivyo na mtu anaweza kuzipuuza. Sasa kama ni za kupuuzwa, mbona mwenye mashine aonyeshwe kana kwamba kuna msiba? (Flashi nayo ni hivyo hivyo: ukiichomoa kwa haraka, kesho unaambiwa ina tatizo ikaguliwe, na mara nyingi faili zako zimo salama.)

Windows ni makanga wa stendi anayepiga kelele "mmoja tu, tunatoka!" na ndani hamna hata abiria watatu. Mgeni hukimbia akidondosha mzigo. Sisi wenyeji tunamalizia chai, na siku gari linapotoka kweli, linatuacha.

Kwa Mwalimu lilikuwa karibu kutoka. Katikati ya wekundu wote ule kulikuwa na pembetatu za njano, tukio 153, daraja la tahadhari tu. Hilo huandikwa diski inapoombwa kusoma au kuandika, ikakwama, Windows ikalazimika kurudia ombi. Likitokea mara moja unaweza kulaumu kebo. Yake yalikuwa yanajirudia, na diski ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Niliinama nikaweka sikio karibu na kibodi: inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Nikaipima, nikakuta sekta mbovu, yaani sehemu za diski zilizoharibika.

Yule fundi aliyetaka kubadilisha bodi wala hakuzigusa zile za njano. Sijui kama hakuziona au hazikuwa na faida kwake.

Mwalimu ana picha za mazishi ya mkewe humo, na barua za kesi ya shamba. Nimeanza kunakili, picha kwanza. Bei ya diski mpya tutaongea Jumatatu.