Kijana Mpole Chini ya Kikapu

Mtoto wa dada yangu aliingia Nairobi alfajiri kuja kucheza mpira wa kikapu, kwa basi la usiku lililopitia Sirari, akiwa na begi moja na raba zake zimening'inia shingoni kwa kamba. Ana miaka 20 na urefu wa sentimita 206. Usiku wa kwanza alilala kwenye kitanda cha mwanangu amekunja magoti, na asubuhi akaniamkia, "Shikamoo, mama mdogo," akaniambia amelala vizuri sana. Ndivyo alivyolelewa. Ukimpa kiti kibovu atakushukuru, na tangu azaliwe sijamsikia akimpandishia mtu mzima sauti. Siku hiyo hiyo nilimtafuta seremala wa mtaani kwetu South B akakiunga kitanda.

Mimi ni fundi cherehani, nina mwaka wa 11 katika mji huu, kwa hiyo suruali haikunisumbua. Viatu ndivyo vilivyonitoa jasho. Namba 49 huipati dukani kwa bei ya mtu kama mimi. Tulizunguka Gikomba Jumamosi tatu tukiwaachia wauza mitumba namba ya simu, mpaka mmoja akapiga saa kumi na moja alfajiri: robota limefunguliwa, kuna jozi moja, njooni kabla hajaiona mwingine.

Naandika haya kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp ndugu zangu wa Mwanza wanauliza swali lile lile kila wiki: kijana amefikia wapi? Na nyuma yake lipo lingine: atatuma lini?

Nianze na hilo la kutuma. Kwetu mtu akisikia "mchezaji wa kulipwa" anaona mamilioni. Hapa Kenya mpira wa vikapu, kama wanavyouita wao, sisi tukisema kikapu, umebebwa miaka mingi na taasisi. KPA ni timu ya bandari, Ulinzi ni ya jeshi, Strathmore na USIU ni za vyuo vikuu. Mchezaji anapata ajira au ada ya chuo, na mpira unakuja juu yake. Klabu ya kumlipa mtu acheze tu, bila kituo cha kazi cha kwenda asubuhi, bado ni jambo changa, na vijana wamelishika kwa mikono miwili hasa baada ya Nairobi City Thunder kufuzu BAL, ligi ya klabu za Afrika, msimu wa 2025, wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Kijana wetu aliupenda mji huu hata kabla ya hapo. Kwenye simu yake bado anayo video ya Februari 2021 kule Yaoundé, Cameroon, Mkenya Tylor Ongwae akitupia Angola mpira wa sekunde ya mwisho, Kenya 74, Angola 73. Mwaka ule Kenya ilirudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Aliitazama akiwa mwanafunzi, akaniambia kwa simu kwamba siku moja atakuja kwangu. Nilidhani anakuja likizo.

Hayuko Thunder. Yuko klabu ndogo ambayo sitaitaja, kwa mkataba wa mwaka mmoja: posho ya mwezi, nauli, na chakula siku za mechi. Posho imewahi kuchelewa miezi miwili. Katika miezi hiyo miwili watu saba wa ukoo wetu walimwandikia, huyu mchango wa harusi, yule bati za nyumba. Aliwajibu wote kwa heshima, kisha akaja kuniomba nimkopeshe ili amtumie mmoja wao. Nilikataa. Niligombana na dada kwa hilo, na leo ningekataa tena.

Sasa hilo la kufika. Tanzania mtu mrefu hapandi daladala bila kutajiwa Hasheem Thabeet, na Hasheem anastahili kutajwa. Alizaliwa Dar es Salaam, kikapu akakianza akiwa na miaka kama 15, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia NBA, ligi kuu ya Marekani, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Mtanzania wa kwanza kucheza kule. Wajomba huishia hapo. Mimi huendelea mpaka Februari 2010, miezi minane tu baadaye, Memphis walipompeleka kwa muda Dakota Wizards, ligi ya chini, akapate muda wa kucheza. Alikuwa na mita 2.21 na miaka mitatu ya chuo kikuu cha Connecticut, ambako alisifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani, na bado alihitaji dakika za uwanjani kama kijana mwingine yeyote. Nikiulizwa amefikia wapi, najibu kwa dakika. Ndugu zangu hawapendi jibu hilo.

Dakika zenyewe zilichelewa kuanza. Mchezaji akihama nchi, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataka barua ya ruhusa kutoka shirikisho la anakotoka ndipo asajiliwe anakokwenda. Mpaka karatasi zikamilike alikuwa amefanya mazoezi wiki saba bila kuvaa jezi. Alipoivaa, akakaa benchi. Mechi ya kwanza hakuingia. Ya pili hakuingia. Ya tano akapewa dakika moja, timu ikiwa imeshashinda.

Moyoni nilisema wanampendelea Mkenya mwenzao. Nikafunga kibanda siku moja nikaenda mazoezini kumuuliza kocha. Akanipa kiti, akaniita mama, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Senta husimama chini ya kikapu, uso umeelekea uwanja wote, na wenzake wamempa mgongo. Anayoyaona yeye, wao hawayaoni. Mpinzani anapokuja ubavuni kumziba njia mwenzako anayekimbiza mpira, ile wanayoiita skrini, senta ndiye wa kupiga kelele: kulia, kushoto, badilisheni, rudi. Akinyamaza, mwenzake anajibamiza kwenye kifua cha mtu na mpira unatupwa yeye akiwa bado anajiokota. "Mama, huyu kijana anaona kila kitu," kocha akasema, "lakini haongei."

Nikarudi South B nikiwaza. Sababu za kutoongea nilizijua mimi kuliko kocha. Maelekezo yote ni Kiingereza kilichochanganywa na Sheng. Kijana wetu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza cha sekondari kinamjia polepole, neno linafika mpira ukishaingia. Nayaelewa hayo. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliwahi kupitishwa kituo nikiwa ndani ya matatu, kwa kuwa kila nikisema "naomba kushuka" watu waligeuka kunitazama, nikaona bora ninyamaze.

Halafu yako malezi. Nahodha wao ana miaka 34. Kumwambia mtu wa umri huo "Rudi!" kwa sauti kubwa, mbele za watu, bila hata kumwita kaka, kwetu ni kukosa adabu kabisa.

Tukaanza nyumbani. Nilichukua karatasi ya kuchorea mitindo, nikaandika maneno ya kocha upande mmoja na maana yake upande wa pili, tukaibandika ukutani juu ya cherehani. Jioni mimi nikishona, yeye anasimama mlangoni, mwanangu anapita mbele yake kama mpinzani, naye anaita. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wiki nzima, sauti ile ile.

Aliyetufungulia njia ni kijana wa Kisumu anayewapangia mashambulizi. Alimwona mazoezini amefungua mdomo anatafuta neno, akamwambia, "Wewe sema tu Kiswahili. Tutaskia." Kocha akakubali. Baadaye nahodha akamvuta pembeni, akamwambia kwamba ndani ya mistari ya uwanja hakuna mkubwa wala mdogo, na kwamba yeye mwenyewe anamwomba amfokee. Mimi nilikuwa nimeshalisema hilo mara nyingi. Lilihitaji kutoka kwa mkubwa mwenyewe.

Jumapili iliyopita, uwanja wa Nyayo hapa Nairobi, robo ya tatu, senta wao wa kwanza akapata faulo ya nne, na ya tano humtoa mtu mchezoni. Kijana wetu akainuka benchi. Nilikuwa na simu mkononi narekodi, lakini kwa kitambo nilifumba macho nikawa nasikiliza tu. Kelele za mashabiki, viatu vikilia sakafuni, halafu ikaja: "Kushoto! Kushoto! Badili! Nyuma yako, kaka, rudi!" Kaka aliiweka hata pale. Alicheza dakika nne. Alizuia mpira mmoja, akaokota miwili iliyogonga ringi, akakosa mitupo huru yote miwili. Walifungwa kwa pointi sita.

Usiku nilimtumia dada ile video. Akapiga bila hata salamu.

"Mbona anawafokea wenzake? Wamemfanya nini?"

Nikamweleza yote, la skrini, la karatasi ukutani, la kijana wa Kisumu. Akanyamaza. Kisha akauliza yule aliyekuwa anaambiwa rudi ana umri gani. Nikamwambia miaka 34.

"Amemwomba radhi?"

Nikamwita aje aongee na mama yake mwenyewe. Alikuja kutoka jikoni na sahani ya ugali na dagaa, akainama kidogo pale mlangoni kama afanyavyo siku zote, akapokea simu kwa mkono wa pili. Na kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ilibidi nisimamishe cherehani ndipo niisikie, akasema, "Shikamoo, mama."