Asubuhi Jemedari alikataa kutoka bandani

Hii ilikuwa 2018, mwaka wa ile mvua. Waliokuwa Nairobi wanakumbuka, 2017 ilikuwa kiangazi kibaya, padoki za malisho zimebaki vumbi tupu, alafu Machi ikafika mvua ikaanza na ikaendelea mpaka Mei, mafuriko kila mahali, na zile nyasi za kikuyu tulizodhani zimekufa zikarudi zote kwa mpigo, kijani mpaka magoti. Sisi masaisi, watunza farasi, tulifurahi sana juu tulikuwa tumechoka kubeba nyasi kavu.

Nilikuwa nafanya kazi upande wa Karen kwa Madam mmoja alikuwa na farasi wachache wa kupanda tu, si biashara. Mkubwa wetu tulimwita Mzee, saisi wa siku nyingi, alianzia Ngong Racecourse akiwa kijana, na mtu kama huyo ukitaka kumwambia kitu kuhusu farasi lazima ujipange kwanza. Farasi mmoja, Jemedari, alikuwa na miaka 22. Zamani alikimbia mbio, alafu akawa wa kufundishia watoto, sasa amestaafu, kazi yake ni kula na kuwanunia wenzake. Hakuwa mnene, na hiyo mkumbuke. Mgongo ulikuwa umeanza kuingia, mbavu ukiangalia vizuri unaziona, tumbo tu ndio linaning'inia. Manyoya yake yalikuwa marefu yamejikunjakunja, hayaanguki hata joto likija, na kila mtu pale alisema ni uzee na baridi ya Karen.

Sasa asubuhi moja nafungua banda nimtoe, namkuta amesimama miguu ya mbele ameisukuma mbele kabisa, uzito wote ameurudisha nyuma. Navuta kamba, hatoki. Nikajaribu kumgeuza kidogo tu, akainua mguu mmoja akauweka haraka, akainua mwingine, jasho limemtoka shingoni na asubuhi yenyewe ni ya baridi. Nikaweka mkono kwa kwato, moto, zote mbili za mbele. Nikatafuta mshipa wa damu pale nyuma ya kifundo, siku ya kawaida huo mshipa unautafuta mpaka unachoka, lakini siku hiyo ulikuwa unadunda kwa kidole wenyewe.

Mzee akaja akaangalia kutoka mlangoni. "Hiyo ni tumbo. Mtembeze."

Nikamwambia Mzee, tumbo si hili, mavi yake haya hapa mabichi na masikio yake yako sawa. Akasema basi amekanyaga jiwe. Miguu yote miwili? Nikasema mimi naona ni laminaitisi, ule ugonjwa wa ndani ya kwato, na hapo Mzee akacheka kabisa. "Kijana, hiyo ni ya poni wanene wa watoto. Ama farasi ameingia stoo usiku akamaliza gunia la oti. Huyu mwembamba hivi ataitoa wapi?" Na hata ikiwa ni hiyo, akaendelea, wakati wao walikuwa wanawatembeza ili damu ishuke.

Hakuwa anatunga, kweli zamani walifanya hivyo sehemu nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimemsikiliza daktari mmoja kwa jirani akieleza poni aliyeumwa hivyo hivyo. Mfupa wa ndani ya kwato umeshikwa na ukuta wa kwato kwa vijitabaka laini vingi sana, kama vile kucha yako imeshikana na nyama ya kidole, na vikivimba havina pa kuvimbia manake kwato haipanuki. Basi vinaanza kuachia. Uzito wa farasi, karibu kilo 500, unasukuma kutoka juu, kano ya nyuma ya mguu inauvuta mfupa, na kila hatua unayomlazimisha inachana zaidi. Kwa hivyo nikasimama mlangoni na kamba mkononi. "Mzee, naomba tungoje daktari. Akisema atembee, nitamtembeza mimi mwenyewe mpaka Ngong." Akaenda zake akinung'unika, na mimi nikampigia Madam nikamwambia kuja uone vile anasimama.

Daktari alikuja kabla ya saa sita, dada mmoja hapendi maneno mengi. Akabana kwato na lile koleo lao, akifika karibu na ncha Jemedari anavuta mguu kwa nguvu. Eksirei ikaonyesha mguu wa kulia mfupa umeinama kidogo, wa kushoto bado uko sawa. Akasema tuko na bahati, kuna wengine mfupa unashuka mpaka unatoboa nyayo. Alafu akarudi nyuma akamtazama farasi mzima, akashika yale manyoya, akagusa pale juu ya macho ambapo kwa farasi mzee kunatakiwa kuwa na shimo, hapo palikuwa pamejaa mafuta. Akaniuliza, anakunywa maji sana? Nikamwambia daktari, ndoo haikai, na banda kila asubuhi limelowa.

Akasema ni Cushing. Kuna tezi chini ya ubongo, farasi akizeeka inaweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi, insulini nayo inavurugika, na hapo sukari ya kwenye nyasi tu inatosha kumwangusha, si lazima oti. Na zile nyasi za baada ya mvua, jua likiwaka mchana zinajaza sukari. Damu ilichukuliwa ikaenda maabara lakini hakungoja majibu, alisema farasi mwenyewe ameshajieleza. Mzee alikuwa nyuma yangu anasikia yote. Hakusema neno.

Sasa kazi ikaanza. Kwanza barafu, siku za mwanzo mfululizo, usiku na mchana. Daktari alituachia ile mifuko mikubwa ya dripu iliyoisha, tukaikata juu, unaingiza mguu ndani unajaza barafu unafunga kwa tepu, inayeyuka unajaza tena. Barafu tulinunua petrol station mpaka yule wa kaunta akauliza kama tuna harusi. Alafu nyayo zinataka kitu laini chini na daktari akasema sponji ngumu ya kutosha, na saa hiyo ni usiku, duka gani. Mzee akaingia chumbani kwake akatoka na godoro lake, akachukua kisu, akakata vipande vinne bila kumuangalia mtu. Tukavifunga kwa kwato na tepu. Maranda tukayamwaga bandani mpaka yakafika karibu na magoti yangu, na Jemedari alipoyaona akalala chini akapiga mluzi wa pua, mara ya kwanza kupumzika.

Nyasi kavu za Boma Rhodes tukawa tunaziloweka kwenye pipa, saa moja hivi, yale maji yanatoka ya kahawia unayamwaga mbali, hiyo ni sukari unamwaga. Dawa ya maumivu, byuti, mara mbili kwa siku na chakula kidogo juu inachoma tumbo. Madam kuna jioni alikaa kwa debe nje ya banda akaniuliza, "Wewe unaonaje, tumlaze, asiamke tena?" Swali gumu hilo kuulizwa na mwenye farasi. Nikamwambia Madam, bado anageuza masikio akisikia ndoo, na anakula, tungoje eksirei ya pili. Ikaja, mfupa haujaendelea kuinama. Fundi wa kwato akamkata ncha ya kwato, akairudisha nyuma, na hapo ndio niliona anaweka mguu chini bila kufikiria.

Kupona kwenyewe kulichukua karibu mwaka, kwato hukua kama sentimita moja kwa mwezi, lazima ile iliyoharibika ishuke yote ikatwe. Padoki ya kijani hakurudi tena, alipewa kiwanja cha vumbi nyuma ya jikoni. Na kidonge cha pegolaidi, dawa ya hiyo Cushing, kila siku ya maisha yake, bei yake sitaitaja lakini nilikuwa nikiihesabu na mshahara wangu naacha katikati. Alijifunza kutema. Unamwekea ndani ya kipande cha karoti, anatafuna karoti yote, alafu unasikia tik, kidonge kiko kwa sakafu. Manyoya yalianguka baada ya miezi kadhaa, chini yake kumbe kulikuwa na farasi wa kahawia anang'aa, tulikuwa tumesahau.

Mwaka uliofuata tukapata saisi mpya. Nikamsikia Mzee anamfundisha, ukiona farasi mzee manyoya hayaanguki, nenda moja kwa moja kwa mshipa wa mguu, usingoje achechemee. Alafu akamweleza ile asubuhi ya Jemedari, vile kuna mtu alitaka kumtembeza na yeye Mzee akakataa. Sikubishana naye. Godoro lilikuwa lake.