Tafakari ya Juma: Walirudi Listra (Matendo 14:19–28)

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome Matendo 13 na 14 kwa mkupuo mmoja, ramani ikiwa mkononi. Mkifika 14:21, wekeni kidole Derbe, mji wa mwisho walikohubiri Paulo na Barnaba kabla ya kugeuka. Mashariki ya hapo, ng'ambo ya milima ya Taurus, iko Tarso alikozaliwa Paulo, na mbele yake Antiokia ya Shamu, kanisa lililowatuma. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa mbele yao. Wao wakageuka nyuma: Listra, Ikonio, Antiokia ya Pisidia.

Antiokia hiyo walikuwa wamefukuzwa. Ikonio walikimbia kabla ya kupigwa mawe. Listra mawe yalimpata Paulo kwelikweli, akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa. Na umati ulioshawishiwa kumpiga ndio uleule uliokuwa umetaka kuwatolea ng'ombe sadaka, ukiwaita Zeu na Herme, miungu ya Wagiriki.

Walifuata nini? Mstari wa 22 na 23 unajibu: kuwaimarisha wanafunzi, kuwaambia wazi kwamba dhiki ipo, kuwawekea wazee, yaani viongozi, katika kila kanisa, kisha kuomba kwa kufunga na kuwakabidhi kwa Bwana.

Hapa ndipo mikutano yetu ya injili inapovuja. Siku ya mwisho tunahesabu waliookoka, tunafungasha vyombo, basi. Majina yameandikwa lakini hayana mwenyewe. Wafuatiliaji wapangwe kabla mkutano haujaanza: muumini mmoja kwa watu watatu au wanne, awatembelee ndani ya juma la kwanza, maswali yangali mabichi. Asianze na somo la zaka, tafadhali. Aombe nao, waanze kusoma Injili ya Marko, awaambie mapema kwamba huenda ndugu zao wakawatenga. Asiyeambiwa hilo, siku likimpata hudhani Mungu amemwacha.

Suala la wazee linataka uangalifu. Waliwekwa wakiwa bado wachanga katika imani, ilhali 1 Timotheo 3:6 inakataza aliyeongoka karibuni. Naona sababu ni kwamba Antiokia na Ikonio kazi ilianzia katika sinagogi, kwa watu waliokwisha kulelewa na Maandiko. Hata Timotheo, kijana wa pande za Listra, aliyajua tangu utoto, katika nyumba ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo Matendo 14 si kibali cha kumpa uongozi aliyebatizwa mwezi jana kwa kuwa ana sauti nzuri.

Walipofika Antiokia ya Shamu walilikusanya kanisa, wakaeleza aliyoyafanya Mungu pamoja nao. Baadaye, katika 15:36, Paulo anataka kurudi tena kuwaangalia ndugu mji kwa mji. Nasi tulilete daftari la mkutano uliopita kwenye maombi ya juma hili, tugawane majina, na kila mmoja aseme siku atakayokwenda.